Mratibu Mkuu wa Moyo wa Zumra

Jumatatu, 9 Oktoba

Kuanzia leo saa mbili asubuhi moyo wa dada yangu Zumra uko chini ya uongozi wangu. Madaktari watatu, muuguzi mmoja na mtaalamu wa mazoezi wanafanya kazi chini yangu. Bado hawajaarifiwa.

Hali ilivyo, kwa faida ya watakaosoma nikishakuwa maarufu. Zumra ana miaka sabini na mmoja na kisukari cha siku nyingi. Siku kumi na mbili zilizopita walimfungua kifua kule Sarajevo, wakamwekea mishipa minne mipya. Minne. Jirani yetu Munib aliwekewa mitatu mwaka juzi, na tangu siku hiyo anatembea hapa Travnik kama waziri. Sasa tumempita.

Binti wa Zumra, Mevlida, anafundisha hesabu na likizo yake imekwisha. Kwa hiyo kuanzia saa mbili mpaka saa tisa nyumba ni yangu. Kanikabidhi daftari la kijani. Kanieleza polepole, kama anamweleza mtoto wa darasa la kwanza. Kwamba daktari wa moyo anaandika humu, na wa sukari, na wa familia, na sista Nevenka anayekuja nyumbani, na yule wa mazoezi. Kila mmoja anasoma alichoandika mwenzake, asije huyu akatoa dawa inayogombana na ya yule. Kazi yangu ni kupima sukari mchana, kuandika namba, kukumbusha vidonge, kumtembeza uani, kukagua nyayo. Zumra asiinue kitu kizito kuliko birika la kahawa. Na mjomba, kasema, wageni wasilete vitamu, tafadhali, nakuomba.

Nimemwambia atulie. Mwaka themanini na nane, jeshini, nilimshona nyumbu tumbo kwa kamba ya buti, kilimani, theluji mpaka kiunoni. Akaishi miaka kumi na mmoja. Alikuwa akinikuta sokoni ananiinamia kichwa.

Mevlida akasema nyumbu hakuwa na kisukari. Walimu wa hesabu hawana upeo.

Saa tano na nusu sista Nevenka kaja. Mwanamke mfupi, mikono myekundu, haongei mpaka ameuliza. Kafungua bandeji. Mshono unatoka shingoni mpaka karibu na tumbo, na mwisho wake wa chini umekuwa mwekundu. Kaniita pembeni. Sukari ikikaa juu, kasema, kidonda hakifungi. Kisipofunga, vijidudu vinashuka kwenye mfupa wa kifua. Vikifika kwenye mfupa anarudi Sarajevo na anafunguliwa upya. Nikamwambia hilo nalijua. Sikulijua.

Alipoondoka Zumra alikuwa amesikia yote. Anasikia kama paka. Kasema taratibu, huku anakunja leso yake, kwamba wakimfungua tena hatarudi. Nikamwambia hakuna wa kumfungua mimi nikiwa hai. Akasema, mdogo wangu, hilo halinipi nguvu sana.

Sukari mchana: 9.4. Namba nzuri. Nimeiandika kwa herufi kubwa na kuweka sahihi.

Jumanne, 10 Oktoba

Wageni.

Habari kwamba Zumra amerudi imefika mpaka mtaa wa ng'ambo ya mto. Kabla ya adhuhuri wamekuja kumi na mmoja, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Juisi. Kahawa. Biskuti. Peasi za chupa. Baklava. Boksi la chokoleti lenye picha ya farasi mweupe. Na lokum, lokum, lokum, vile vipande laini kama halua vilivyogaragazwa kwenye sukari ya unga, sahani baada ya sahani.

Mevlida kasema wasilete. Mevlida kasoma sana. Nyumba ya mgonjwa inayorudisha zawadi ni nyumba iliyogombana na mtaa, na sisi kwenye mtaa huu tuna wafu wetu makaburini na mbao zetu za kuzikia kwa seremala. Huwezi.

Ndipo nikabuni mpango. Nimeuita Forodha. Nakaa getini kwenye kiti. Mgeni anakuja, napokea kwa mikono miwili, nashukuru, nasifu mpaka mgeni anaona haya. Anaingia kwa Zumra mikono mitupu na heshima yake kamili. Mzigo unakwenda jiko la nje. Zumra haoni kitu. Kisha mzigo unatoka kwa njia ya nyuma kwenda kwa wagonjwa wengine wa mtaa, nao wako wengi. Hakuna anayefedheheka. Hata Wizara ya Afya haikuwaza hivyo.

Pingamizi moja dogo. Saa nne nilimpelekea Subhija wa nyumba ya chini, anayeuguza nyonga, lile boksi la farasi. Kona yake moja ilikuwa imepasuka, nikaibandika kwa gundi. Saa saba mke wa Munib kaja kumjulia hali Zumra. Mkononi, farasi mweupe. Kona imebandikwa. Limezunguka mtaa mzima kwa saa tatu na hakuna aliyelifungua. Nimelipokea kwa mikono miwili. Nimesema sijapata kuona farasi mzuri hivyo.

Lokum haizungushwi, imekaa wazi kwenye sahani. Lazima iliwe. Nimejitolea. Nilikula nne za waridi na tatu zenye kokwa za jozi, kwa kuilinda familia. Nikafuta vidole kwenye suruali, nikaingia ndani kupima.

Zumra ana vidole vikavu kama vijiti. Lazima umshike kwa nguvu, ukamue kama limau, mpaka tone litoke. Mevlida hajui kukamua.

Sukari mchana: 15.2.

Nikamwangalia Zumra. Zumra akaniangalia. Kaapa amekula maharage na kipande cha mkate mweusi basi. Nimeandika namba kwa herufi ndogo.

Jumatano, 11 Oktoba

Mevlida kapima asubuhi kabla ya shule: 8.1. Mimi nimepima mchana: 16.3. Sitaki kujisifu, lakini tazama tofauti ya mkono wa mwalimu na mkono wa mtu aliyefanya kazi kiwandani miaka ishirini.

Sista Nevenka hakufurahi. Kasoma daftari mara mbili, kakuna kidevu. Kauliza Zumra amekula nini, na Zumra kaanza kulia, kimya, machozi tu. Sijakula, mwanangu, sijaonja kitu. Sista akampigia daktari wa sukari hapo hapo. Daktari wa sukari kaongeza insulini ya asubuhi jana, leo kaiongeza tena. Kaandikisha pia kwamba nikipata zaidi ya kumi na tano mchana nimdunge uniti nne za ziada. Nimdunge mimi. Wamenipa mamlaka.

Kisha sista akampigia daktari wa moyo. Hilo sikulipenda. Nilisikiliza nyuma ya mlango kwa ajili ya uratibu. Daktari wa moyo kasema sukari inayopanda bila chakula mara nyingi ni kidonda kinachooza kwa ndani. Ijumaa apelekwe zahanati, bandeji ifunguliwe, damu ichukuliwe. Kama hali ni hii hii, alasiri ile ile gari la wagonjwa, Sarajevo.

Zumra kaingia chumbani kwake. Nilidhani amelala. Alikuwa anapanga mkoba. Gauni la kulalia, ndala, chanuo, picha ya marehemu mumewe. Kila kitu kimoja kimoja, maana haruhusiwi kuinua zaidi. Kauweka mkoba mlangoni kwa kuusukuma na mguu.

Nimeamua kumkamata mwizi. Mtu fulani anampa dada yangu vitamu, au dada yangu anajipa. Mpango: unga. Nimenyunyiza unga wa ngano sakafuni jiko la nje, kuanzia mlangoni mpaka kwenye rafu ya zawadi. Anayeingia ataacha nyayo.

Saa nane nimekagua. Nyayo zipo! Kubwa, za mwanamume, za soksi, zimekwenda kwenye rafu na kurudi mara tano. Nikajua ni Munib. Nani mwingine ana mguu kama jahazi? Nikaenda kwake moja kwa moja, nikamkuta anakunywa kahawa, shati wazi, anamwonyesha mtu wa posta kovu lake. Nikamwambia avue viatu. Kavua. Soksi safi. Kauliza ninatafuta nini. Nikasema ni ukaguzi wa kawaida. Kanitazama miguuni, kisha kasema, Rasim, mbona wewe umekanyaga unga?

Uchunguzi unaendelea.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nitaandika kwa mpango.

Asubuhi Mevlida kamdunga mama yake insulini, kile kipimo kilichoongezwa mara mbili. Kaenda shule. Zumra kala nusu ya alichoandaliwa. Kasema ule mkoba mlangoni unamkatia hamu ya kula. Nilitaka kuuhamisha, kakataa. Kesho ni Ijumaa, kasema, waache waukute.

Saa tano kasorobo nilikuwa jiko la nje. Imamu alikuwa ameleta sahani ya lokum, kubwa, za waridi. Huwezi kumrudishia imamu. Nilikuwa kwenye ya sita nikasikia kijiko kimeanguka ndani.

Nikaingia. Zumra kwenye kochi, uso umelowa kama mtu aliyetoka mvuani. Mikono inacheza. Kaniita Hasib. Hasib ni kaka yetu. Amekufa miaka thelathini na moja sasa.

Nikamwambia, dada, ni mimi, Rasim. Akasema najua, Hasib, funga mlango, baridi inaingia. Mlango ulikuwa umefungwa.

Nikachukua mashine. Nikamshika kidole, nikakamua, tone likatoka. 16.9. Kubwa kuliko zote.

Basi ni kidonda, nikajisemea. Kimeoza, ndiyo maana anatokwa na jasho. Na hapo kwenye daftari kulikuwa na amri ya daktari, imeandikwa, ina sahihi: zaidi ya kumi na tano, uniti nne. Nikachukua kalamu ya insulini. Nikazungusha mpaka nne. Nikamwinulia blauzi upande wa tumbo. Ngozi yake baridi.

Mlango ukafunguliwa. Munib, na chupa ya juisi ya cheri chini ya kwapa. Alinikosa getini, kaingia na mzigo wake. Mpango wa Forodha umevunjika, hilo ndilo nililowaza kwanza, Mungu anisamehe.

Kamwona Zumra. Kasema, acha.

Nikamwambia atoke, hapa kuna tiba inaendelea.

"Acha, Rasim. Huyo ameshuka."

Nikamwambia amepanda, ana kumi na sita nukta tisa, ajisomee mwenyewe. Kasema kwenye wodi alilala kitanda cha jirani na mzee wa Zenica mwenye kisukari, alitokwa na jasho hivi hivi, aliita watu majina ya wengine hivi hivi. Nikamwambia mashine haidanganyi. Kasema mashine haitoki jasho. Nikamwambia yeye ana mishipa mitatu tu, asinifundishe. Kanishika mkono uliokuwa na kalamu. Mzee wa miaka sitini na tisa, na kifua cha kushonwa, kanishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia mlango. Na mimi nilikuwa navuta. Naandika hivi ilivyokuwa. Nilikuwa navuta.

Zumra kasema msigombane, wanangu.

Sista Nevenka kaingia saa tano na dakika ishirini, mapema kwa dakika kumi. Sijui angeingia kwa wakati wake ingekuwaje. Sitaki kujua. Hakuuliza kitu, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kasema, Rasim, weka chini hiyo kalamu. Nikaiweka.

Kamtazama Zumra, kaitazama mashine, kaniangalia mikono. Vidole vyangu vyote vitano vyeupe mpaka kwenye kiungo cha kati.

Kaleta maji ya uvuguvugu na sabuni, kamwosha Zumra mkono, kaukausha, kapima.

2.8.

Nikasema mashine imeharibika. Sista kakata neno: leteni sukari. Na mimi, kwa fahari ya siku tatu, nikamjibu kwamba ndani ya nyumba hii hakuna sukari, nimeiondoa yote, hata ya kahawa. Munib alikuwa ameshafungua juisi. Kamnywesha Zumra mwenyewe, funda kwa funda, huku anamwambia, kunywa bibi yangu, kunywa, nimeitoa mbali.

Robo saa. Saa ya ukutani ya Zumra inapiga kelele ajabu, sikuwahi kuisikia. Sista kapima: 3.7. Funda jingine. Robo saa nyingine. 5.2. Zumra kanigeukia kasema, Rasim, umekaa kwenye miwani yangu.

Nilikuwa nimeikalia kweli.

Ndipo sista akanionyesha. Kachukua mkono wa pili wa Zumra, ule nilioukamua mimi, haujaoshwa. Kapima pale kidole changu kilipopita. 14.6. Kisha kakiosha kidole hicho hicho, kapima tena. 5.4. Mtu yule yule, dakika ile ile. Kasema bila ukali, kwa sauti ya kawaida tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi: siku tatu umekuwa unapima lokum, bwana Rasim. Na madaktari wamekuwa wanaitibu lokum kwa damu ya dada yako.

Kanyoosha mkono. Nikatoa mfukoni mbili za akiba, zimefungwa kwenye karatasi.

Kisha kakaa na simu na daftari la kijani mapajani. Kampigia wa sukari, kampigia wa familia, kampigia wa moyo. Nusu saa nzima. Wote watatu wakafuta namba zangu. Insulini imerudishwa kwenye kipimo cha Jumatatu. Wa moyo kasema kushuka hivyo ni hatari kwa moyo uliotoka kushonwa kuliko kupanda, mwili unaukimbiza moyo kama farasi, na kauliza ni nani anayepima mchana. Sista kasema ni ndugu. Kasema "ndugu" basi, jina hakulitaja. Nitamkumbuka kwa hilo.

Safari ya kesho zahanati ipo pale pale. Wekundu wa mshono ni wa kweli, ule haukuwa umepakwa na mimi.

Mevlida karudi saa tisa. Kaambiwa. Hakunipigia kelele. Kavua koti, kalitundika, kapita mbele yangu kama kiti.

Nimekwenda uani nikapanga kuni. Zote. Kuanzia saa tisa na nusu mpaka jua likazama. Hakuna aliyenituma.

Munib keshasimulia. Katika masimulizi yake nilikuwa nimeshamdunga nusu.

Kabla ya kuondoka nilichungulia kwa Zumra. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kanitangulia. Kasema wengine wanatumia bunduki, Rasim, wewe ulitaka kuniua kwa kitindamlo. Halafu kacheka, akajishika kifua kwa mto mdogo kama alivyofundishwa, maana kucheka kunauma. Nikatoka haraka. Vumbi la kuni lilikuwa limeniingia machoni.

Ijumaa, 13 Oktoba

Zahanati, saa tatu. Mimi, Zumra, Mevlida, mkoba.

Mkoba nimebeba mimi. Mevlida aliniruhusu kwa kidevu.

Daktari wa familia ni binti mdogo, nywele fupi, miwani mikubwa. Sista Nevenka alikuwepo, na daftari. Mtaalamu wa mazoezi naye kapita, kamsimamisha Zumra na kumketisha bila kutumia mikono. Mara tano. Kisha wakafungua bandeji na mimi nikasimama karibu na dirisha kusoma bango la chanjo. Nalijua lote sasa kwa moyo.

Daktari kabonyeza pembeni ya mshono. Kauliza kama inauma. Zumra kasema hapana. Kabonyeza chini, pale penye wekundu. Zumra kachelewa kujibu. Kwa muda huo nilifanya mapatano mengi na Mwenyezi Mungu, mengine sitaweza kuyatimiza.

Hapana, kasema Zumra. Inawasha tu.

Daktari kasema wekundu umerudi nyuma. Jumatatu ulikuwa mrefu kama kidole, leo ni kama kucha. Lakini tungoje majibu ya damu.

Tukangoja. Saa moja na dakika arobaini kwenye benchi la korido. Zumra katikati, mkoba miguuni pake. Kwa kujaribu kuwapa moyo nikaanza kusimulia ile ya mwaka tisini na saba, nilipomwendesha profesa wa moyo kutoka Sarajevo mpaka Vienna bila breki. Mevlida kasema, mjomba, neno moja zaidi nakuacha hapa. Nilifurahi. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu jana.

Majibu yakatoka. Hakuna dalili ya uozo. Sukari 7.9, ya damu ya mkononi, isiyopita kwangu. Daktari wa familia kampigia wa moyo mbele yetu. Kasikiliza. Kasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kaweka simu. Bibi Zumra, nenda nyumbani.

Tumefika nyumbani, Zumra kaingia chumbani kwake. Kakaa kitandani, kaniambia nifungue mkoba. Nikatoa chanuo. Kalipokea, kafungua kilemba, kaanza kuchana nywele zake polepole, mkono mmoja, bila kuuinua juu ya bega. Mevlida akaenda jikoni na kufungua bomba la maji muda mrefu sana kwa mtu ambaye hana vyombo vya kuosha.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kikao. Sista Nevenka kaja siku yake ya mapumziko, kwa hiari. Kaandika sheria ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa wino mwekundu. Mikono ya Zumra na ya anayempima inaoshwa kwa maji na sabuni kwanza. Namba ikigombana na hali ya mgonjwa, inaaminiwa hali na inapimwa upya. Juisi moja ndogo inakaa daima kwenye droo ya kitanda. Rasim hashiki mashine wala kalamu mpaka afaulu mtihani.

Jina langu limo ukurasa wa kwanza. Nimeligundua hilo baadaye na limenifariji.

Munib amepewa ufunguo wa nyumba. Ufunguo. Kasema ni kwa dharura tu. Anauvaa shingoni kwa kamba, juu ya kovu.

Kwa sasa cheo changu ni cha maji. Nachota, napasha, naleta beseni, nashika taulo. Nimemweleza yule mtu wa posta kwamba katika hospitali kubwa za Vienna hiyo ndiyo nafasi ya juu kabisa, maana bila maji hakuna kinachoanza.

Jumapili, 15 Oktoba

Wageni tisa. Lokum sahani tatu. Nimelitafakari suala hili kisayansi na nimepata suluhisho ambalo madaktari watatu hawakulipata: nakula kwa mkono wa kushoto, nashika taulo kwa wa kulia. Najua mkono wa kushoto haufai. Lakini hii ni tiba.

Nimegundua pia kwamba presha ya Zumra inashuka ninapomsimulia. Jana ya nyumbu: kutoka 140 mpaka 128. Alifumba macho kabisa. Nimeandika kwenye daftari, chini ya daktari wa moyo: "Nyumbu, mara mbili kwa siku, baada ya chakula." Nangoja jibu lake.

Mevlida kanipikia pai ya nyama. Kaniwekea sahani mbele, kasimama, kasema mjomba usidhani nimesahau. Nikasema sidhani. Kaniongezea kipande.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimefaulu mtihani. Mashine imerudi mikononi mwangu. Kuanzia leo saa sita mchana moyo wa Zumra uko tena chini ya uongozi wangu, na nimeanza kuchora kibao cha getini: RASIM, VIPIMO VYA SUKARI NA PRESHA, USHAURI WA MOYO. Mtaa mzima unanihitaji. Munib nitamfanya msaidizi, kama atavua ule ufunguo.

Mtihani ulikuwa mwepesi. Kunawa, kukausha, kuweka kipande cha kupimia kwenye mashine. Hayo nilifanya kwa kasi ambayo sista mwenyewe hakuficha kuistaajabia. La mwisho lilikuwa kujichoma kidole changu mwenyewe, nijue ninachomfanyia mtu. Daftari limeandika: Rasim, 6.1, amefaulu.

Daftari halikuandika kwamba nilikuwa nimelazwa kwenye kochi la Zumra, miguu juu ya mto, macho nimefumba. Wala kwamba aliyenishika mkono na kunihesabia ni Zumra, na yeye ndiye mwenye kifua kilichoshonwa. Tulikubaliana mpaka tatu. Ilibidi aanze upya mara nne.